Ukoo wa Neno na Ufunguo wa Bekari

Jumatatu, 12 Mei

Siku kubwa! Baba mkwe ametangaza kwamba miguu yake imemchoka. Si yeye aliyeichoka, ni miguu iliyomchoka yeye, ndivyo alivyosema. Jumapili, baada ya chakula cha mchana, atamkabidhi mtu ufunguo wa bekari akapumzike. Mtu huyo ni mimi au Shemeji. Mimi natunza stoo ya mikate iliyoiva. Shemeji, dada mkubwa wa mke wangu, anakanda unga. Mtu mwenye akili zake hahitaji hata kufikiri.

Tatizo ni kwamba Baba mkwe hupenda kufikiri. Na Shemeji ameshasema mbele ya watu kuwa akipata ufunguo, jambo la kwanza ni kuniondoa stoo, kwa sababu mikate hupungua humo. Hupungua! Mimi hukagua ubora. Utajuaje mkate umeiva bila kuuonja? Na ukionja huu, umejua nini kuhusu ule wa pembeni yake?

Nikitolewa stoo nakwenda wapi? Kazi nyingine siijui. Mke wangu ameniuliza hivyo hivyo, kwa sauti ya chini, huku akikunja nguo alizokuwa ameshazikunja. Nikamwambia aniachie mimi. Akaanza kuzikunja upya.

Ila leo hii hii nimeuona mlango. Baba mkwe huchunguza ukoo wa kila kitu. Nilipokuja kuposa aliulizia babu zangu mpaka akamfikia mmoja ambaye hata kwetu hatukuwa tunamjua. Kiingereza amejifunza ukubwani, kwenye maandishi ya magunia ya unga na magazeti ya kufungia mikate, na maneno nayo huyauliza ukoo. Gazeti la leo lilikuwa na neno "lord". Akasema maana yake anaijua, bwana mkubwa, lakini anataka kujua limezaliwa na nani. Akasema atakayemletea jibu kabla ya Jumapili atakuwa amemfurahisha mzee.

Shemeji akaendelea kupangusa meza. Masikini! Nafasi imepita mbele ya pua yake na hakuinusa.

Jumanne, 13 Mei

Nimeaga kazini kwamba jino linaniuma. Kwa kukazia nilishika shavu mpaka nikavuka geti. Moja kwa moja hadi maktaba.

Mkutubi ni mwanamke mwembamba anayenong'ona hata akicheka. Nilipomwambia natafuta ukoo wa neno la Kiingereza, aliinuka kitini kama aliyeletewa salamu za ndugu yake. Inaelekea hajawahi kuulizwa. Akanitolea kamusi kubwa ya asili ya maneno, nzito kama tofali, jalada limechanika mgongoni, akawa anafunua kurasa taratibu kama anayemfunua mtoto aliyelala.

Nikasoma. Nikasoma tena. Nikaomba kiti.

Neno "lord" zamani lilikuwa "hlaford". Kabla ya hapo lilikuwa "hlafweard", katika Kiingereza cha kale ambacho Waingereza wenyewe wa leo wakikisikia wanatoa macho. "Hlaf" ni mkate. "Weard" ni mlinzi. Mlinzi wa mkate! Bwana mkubwa, mwenye kasri, anayeinamiwa na watu, kumbe ni mlinzi wa mkate tu. Ni mtunza stoo! Ni mimi!

Nimerudi kazini bila kushika shavu. Shemeji akauliza kama jino limeng'olewa. Nikamjibu kwa upole wa mtu mkubwa kwamba limetulia. Hajui anaongea na nani.

Jioni nimekagua ubora kidogo, kwa kusherehekea.

Jumatano, 14 Mei

Nilitaka kuisoma tena ile sehemu niishike vizuri kwa ajili ya hotuba ya Jumapili. Leo limeuma shavu la upande wa pili. Baba mkwe akasema meno yangu yanapokezana zamu vizuri kuliko wafanyakazi wake.

Laiti ningebaki kazini! Mkutubi alikuwa ananisubiri. Hajalala, anasema, kwa furaha ya kupata mtu wa kuzungumza naye maneno. Akasema kama nimelipenda "lord", basi hili litanimaliza. Akafunua kurasa chache nyuma. "Lady." Yaani bibi mkubwa, mke wa huyo bwana.

Kweli limenimaliza. Zamani lilikuwa "hlaefdige". Mkate tena! Na hilo "dige", wataalamu wanaona kwamba ni mkandaji. Mkandaji wa mkate. Bibi mkubwa ni mkandaji wa mkate.

Nikajikaza. Nikasema moyoni, sawa, bwana ni bwana, bibi ni bibi. Lakini Mkutubi hakuwa amemaliza. Akaninong'oneza kwamba mzizi huo wa kukanda ni wa kale mno, wa lugha ambayo hakuna aliyeiandika, na ulimaanisha pia kufinyanga udongo. Ukasafiri mpaka Uajemi, ambako watu walizungushia bustani kuta za udongo. Bustani yenye ukuta ikaingia kwenye Kigiriki, ikaenda kwenye Kilatini, ikapita kwenye Kifaransa, ikatokea kwenye Kiingereza inaitwa "paradise". Peponi! Mkandaji ana ujamaa na pepo! Shemeji, na ule mdomo wake!

Mkutubi akaniuliza kama si jambo la kupendeza. Nikasema linapendeza. Safari hii shavu liliniuma kweli, kwa kuchekacheka bila kutaka.

Alhamisi, 15 Mei

Hatari. Wakati wa chai Shemeji amesema, hivi hivi, bila kumwangalia mtu, kwamba kesho akishaacha unga uumuke atapita maktaba kuulizia lile neno la baba. Kumbe alisikia! Mwanamke yule akipangusa meza huwa anapangusa na masikio wazi.

Nikapiga hesabu haraka. Akifika maktaba atapewa "lord", atapewa "lady", atapewa hata Peponi. Kwa hiyo kamusi isiwepo. Lakini kamusi ile haiazimwi. Imeandikwa hivyo juu ya rafu kwa herufi nyekundu.

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi, na ninaisifu hapa kwa kuwa hakuna mwingine atakayeisifu. Nimemwambia Mkutubi kwamba jalada lile limekuwa likinitesa moyo. Kitabu cha thamani namna ile, mgongo wazi! Nikamwambia nina jamaa yangu fundi wa kushona vitabu, na nikiruhusiwa kukichukua kwa siku chache tu, kitarudi kipya. Bure.

Mkutubi akavua miwani akaifuta. Akasema ameomba jalada kwa wakubwa wake miaka na miaka. Akanishukuru mpaka nikataka kulia. Akanifungia kitabu kwa mikono yake mwenyewe na kunisindikiza mlangoni, akisema niwe mwangalifu, nakala nyingine hakuna.

Jamaa fundi wa vitabu sina. Hilo tutalitazama baadaye.

Kukificha nyumbani haifai. Mke wangu hufagia mpaka chini ya mambo yasiyofagiliwa. Nimekiweka bekari, ndani ya tanuri dogo. Lile huwashwa kwa oda za keki tu, na keki hazijaagizwa tangu mwezi uliopita. Pakavu, giza, mlango wa chuma. Nani atakwenda kutafuta kamusi ndani ya tanuri?

Ijumaa, 16 Mei

Ushindi mtamu! Shemeji amekwenda maktaba na kurudi mikono mitupu. Amesimulia mbele ya wote kwamba kamusi imechukuliwa na muungwana mmoja aliyejitolea kuitengenezea jalada. Mkutubi hakulitaja jina lake. Shemeji akasema watu wa namna hiyo wamebaki wachache duniani.

Nikakubaliana naye kabisa. Nikasema wachache sana.

Nimeanza mazoezi ya hotuba ndani ya stoo, mikate ikiwa ndiyo hadhira. Inasikiliza vizuri kuliko familia. Nimekagua ubora wa waliokaa mstari wa mbele.

Mke wangu akaniuliza usiku huu kama nina uhakika. Nikasema kama jua kuchomoza. Akasema anachoomba ni kimoja tu, nisifukuzwe, mengine yote yanavumilika. Huyu mwanamke hana tamaa hata kidogo. Nashangaa alikubalije kuolewa na mimi.

Jumamosi, 17 Mei

Siwezi kuandika vizuri.

Nilikuwa nanyoa ndevu, zamu yangu Jumamosi ni ya mchana. Mke wangu akapita na ndoo, akasema dada yake ana kazi leo, imeingia oda ya keki za harusi, na tanuri dogo linawaka tangu asubuhi.

Nilitoka hivyo hivyo. Povu upande mmoja wa uso, upande mwingine umenyolewa, ndala moja yangu na moja ya mke wangu. Watu wa mtaani walinipisha. Mwuza vocha akaniuliza kama kuna moto. Nikamjibu kwamba hilo ndilo ninalokwenda kujua.

Nikafungua mlango wa tanuri. Keki! Keki nyeupe zinaumuka zimetulia, hazina habari. Shemeji akapiga kelele kwamba nimeingiza ubaridi na zikibonyea nitazila mwenyewe. Nikamuuliza, kwa mbali, kama kabla ya kuwasha aliona kitu humo ndani. Kitu gani? Kitu chochote, nikasema, chenye umbo la tofali, tuseme. Akaniangalia povu. Akasema alifungua, akaweka kuni, akawasha, hakuna alichoona isipokuwa jivu.

Jivu!

Kwa hiyo imeungua. Maneno yote. Waajemi, Wagiriki, Walatini, wote wamekwenda kuivisha keki. Nimekaa juu ya gunia la unga muda mrefu. Nilimfikiria Mkutubi akifuta miwani yake. Ufunguo sikuuwaza kabisa, na hilo lilinishtua. Mara ya kwanza wiki hii nilijisikia mwizi, na wala sikuwa nimeshika mkate.

Nikachukua mmoja ili nitulie.

Jumapili, 18 Mei

Acha niandike kwa mpangilio, maana nikianza na mwisho sitamaliza kucheka.

Asubuhi nilipitia stoo kidogo, kutuliza roho. Kisha tukaenda kwa Baba mkwe. Chakula kikaliwa, mimi sikukionja, na watu walishangaa. Watoto wakatolewa nje wakacheze. Baba mkwe akainama chini ya kiti chake akatoa furushi lililofungwa kwa kitambaa cha kufunikia mikate. Akaliweka mezani. Kishindo kile nilikijua. Umbo lile nililijua pia.

Kamusi! Nzima! Haina hata harufu ya moshi! Kwa furaha nilisimama, kisha nikakumbuka, nikakaa.

Alikuwa ameitoa tanurini Alhamisi ile ile jioni. Kabla ya kufunga bekari Baba mkwe hufungua kila tanuri akachungulia ndani, kila siku, tangu ajenge lile la kwanza. Kila mtu kazini anajua. Hata mimi najua.

Akauliza, bila haraka, nani anapika vitabu. Mimi nikatazama dari. Shemeji akanitazama mimi. Mke wangu akafumba macho.

Sasa, mwanamume hupimwa hapo. Nikasimama, nikaacha swali lipite, nikatoa hotuba. Nilisema ukoo wa neno "lord" nimeupata. Nikawaeleza mlinzi wa mkate. Nikawaeleza hlafweard, nikaitamka kwa koo mpaka mke wangu akanisogezea maji. Nikasema tangu enzi hizo watu walijua kwamba mkubwa wa nyumba si anayeanza mkate, ni anayeutunza. Nikainamisha kichwa. Nilikuwa mzuri. Hilo hakuna atakayeninyima.

Baba mkwe akasema ni kweli kabisa, amesoma, amefurahi sana. Kisha akalowanisha kidole akafunua kurasa kurudi nyuma. Nikajua anakokwenda. Akasoma "lady" neno kwa neno. Shemeji alikuwa anakusanya sahani. Akaziweka chini akakaa. Akamwomba arudie. Mzee akarudia. Akafika Uajemi, akafika kwenye bustani, akafika Peponi. Shemeji akasema taratibu, "Makubwa haya," akajipangusa mikono kwenye gauni, kama mtu aliyeambiwa mgeni mkubwa yuko mlangoni.

Nikadhani yameisha. Hayakuisha. Baba mkwe akasema kwenye ukurasa ule ule wa bwana, chini kidogo, kuna mtoto wa tatu wa ukoo huo ambaye anaona nilimruka. "Hlafaeta." Watu wa kale walimwita hivyo mtumishi wa nyumbani, yule anayelishwa na bwana. Maana yake ni mla mkate.

Macho yote yakaja kwenye shati langu. Nikatazama na mimi. Chembe za mkate, kutoka kola mpaka kitovu.

Hapo mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Kwanza nilidhani analia. Alikuwa anacheka mpaka machozi, anapiga meza, kamusi inarukaruka. Alipopata pumzi akasema ukoo huu umejipanga wenyewe bila yeye. Mlinzi wa mkate bado ni yeye, mpaka siku atakayozikwa. Ufunguo ni wa mkandaji. Akamkabidhi Shemeji palepale, na Shemeji akaufunga kwenye ncha ya khanga mafundo mawili.

Kisha Shemeji akauliza, kwa sauti kavu, na huyu mla mkate tumfanyeje.

Mke wangu alinishika mkono wa shati chini ya meza. Akaushika kwa nguvu mpaka kifungo kikatoka. Ufunguo nilishausahau, nilikuwa nataka kitu kimoja tu, nikiamka kesho niwe na pa kwenda.

Baba mkwe akafikiri. Anavyofikiri yule mzee! Akasema kwamba kadiri alivyosoma, nyumba ile ya zamani haikumfukuza mla mkate wake. Ilimlisha. Ndipo alipopata hilo jina. "Huyu ni wetu," akasema. "Kula anakula, lakini ni wetu." Stoo niiache. Bekari nisiiache. Shemeji akakoroma kidogo, akasema sawa baba.

Ah! Naandika wazi, kwa kuwa hii shajara ni yangu: nilifurahi kuliko ambavyo ningefurahi kupewa ufunguo. Njia nzima mke wangu alikuwa anacheka na kujifuta macho, anacheka na kujifuta macho. Akaniuliza kama kweli nilishika mashavu yote mawili kwa zamu. Nikamwonyesha. Ikabidi tusimame kando ya barabara, hawezi kutembea.

Na la mwisho, ambalo nusura nilisahau: mgongo wa kamusi umeshonwa! Baba mkwe, baada ya kusoma, aliona aibu kukirudisha kitabu kikiwa uchi. Amekishona kwa sindano ya magunia na uzi wa magunia, akakivika jalada la kitambaa cha gunia la unga, safi, kimenyooka. Maandishi ya kiwanda bado yanasomeka kwa mbali: Daraja la Kwanza.

Jumatano, 21 Mei

Siku tatu kwenye kazi mpya. Shemeji amenipa kupeleka mikate madukani kwa baiskeli. Amechagua hiyo kwa sababu mikate hufungwa kwenye kreti kwa kamba, na mafundo yake anajua kuyafunga yeye tu, nikilifungua moja njiani nitajulikana. Sijali. Upepo mzuri, wenye maduka wananisalimia, na nyumbani mke wangu anaimba jikoni. Hazikunji tena nguo mara mbili.

Nimerudisha kamusi leo. Mkutubi aliishika, akaigeuza, akanusa jalada, akasema kwa sauti ya kawaida, si ya kunong'ona, kwamba ni zuri mno. Watu wote maktaba wakageuka. Akamsifu fundi wangu. Nikamwambia ni mtu wa ukoo mkubwa. Nikatoka jasho la raha. Mambo yote yamekwisha, hakuna aliyeungua, hakuna aliyefukuzwa, na nimeapa kwamba maneno ya kale na mimi basi.

Ila kwa kuwa kitabu kilikuwa wazi mezani, niliangalia kidogo. Kwenye M. Kidogo tu.

"Marshal." Amiri wa majeshi! Mwenye nyota mabegani! Na ukoo wake je? Umetoka Kifaransa cha kale, nacho kiliuchukua kwa Wafranki, na kwao lilikuwa neno la mtu wa mazizini, anayewatazama farasi. Yaani mtu alianza na farasi, akapanda, akapanda, mpaka akaongoza majeshi! Na baiskeli ni nini siku hizi kama si farasi? Na mimi nimekabidhiwa baiskeli na nani kama si Shemeji mwenyewe, kwa mkono wake, bila kujua alifanyalo?

Mkutubi akasema nisubiri, neno hilo ni vipande viwili, na kipande cha pili maana yake ni mtumishi, tena kuna maelezo mengine hapo chini. Nikamfungia kitabu kwa heshima, nikamwambia niliyoyasoma yananitosha. Kesho nikipita madukani nitaanza kuwazoesha wateja wangu cheo changu.